Bibi Harusi wa Kitenge cha Njano

Siku tulipoanza kuwasikia waasi, mimi na mama tulikuwa tunatwanga sombe, majani ya muhogo. Kaka yangu Elia alikaa barazani akitengeneza redio za watu, kama kila Jumamosi. Alikuwa na redio ya upepo iliyoangushwa na askari waliokimbia, na ilishika sauti za waasi wa mlimani. Siku zote walizungumza habari za harusi: bibi harusi, kitenge chake, chumvi ya karamu. Majirani walicheka.

"Hawa wanaoa kila wiki?"

Elia hakucheka. Alisikiliza, kisha akatazama moshi unatokea upande gani. Baada ya muda akaelewa. Bibi harusi ni kijiji. Chumvi ni risasi. Rangi ya kitenge ilisema ni kijiji kipi. Sisi tulikuwa njano.

Mara mbili alituambia tutoke, tukatoka. Tuliporudi tulikuta nyumba zimeungua, lakini watu wote tuko hai. Wakamwita nabii.

Kisha wakamkuta na Bosco, fundi cherehani. Walipendana kama mke na mume. Vijana wa kijiji wakawapiga wote wawili. Bosco akafa. Elia wakamfungia kwenye ghala la kahawa.

Nilificha redio ndani ya kitenge, nikaisogeza penye ufa wa ubao. Akasikiliza.

"Njano," akasema. "Kesho asubuhi. Waambie wote."

"Hata hawa waliokupiga?"

"Wote, Neema."

Niliwaambia. Wakakimbia.

Hakuna aliyefungua ghala.

Mimi na mama tulivunja kufuli kwa jiwe.

Baada ya miaka ya kambi ya wakimbizi, Amerika walituleta Louisville. Watu wa kwetu walikuwa wengi pale, na kanisani benchi letu likabaki letu peke yetu. Tukahamia Columbus, simu za watu wa kwetu zikawa zimetutangulia. Kisha Buffalo, Elia alipata kazi ya kufunga mizigo. Hakwenda tena kanisani. Moyo wake ulisimama akiwa kazini, majira ya baridi ya 2015.

Nilitaka aliliwe kama mtu. Niliweka matanga nyumbani, mtaa wa Lower West Side, nikapanga viti vya kuazima. Nikapigia simu wale aliowaokoa.

"Bon, dada, tutakuombea," wakasema.

Mchana mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Furaha wa kijijini kwetu, anayeishi Kenmore, hapo jirani, ameshika sufuria. Theluji ilimwangukia kichwani.

"Ingia, mama, baridi."

"Hapana, dada. Unajua vile watu wanasema. Hii chakula ni ya wewe na mama yako. Si ya kilio yake."

Furaha, binti yake, alikuwa kwenye usukani wa gari, kioo kimeshushwa. Akauliza kwa Kiingereza ni nani aliyekufa.

"Mutu moja tu ya kwetu," Mama Furaha akajibu.

Asubuhi ile tuliyokimbia, Furaha alikuwa mgongoni mwa mama yake.

Nilipokea sufuria, nikashukuru. Gari likaondoka. Mama akaniuliza kutoka ndani kama watu wameanza kufika.

Nikamwambia bado.