Anayewatungia Marehemu Beti

Saa mbili asubuhi, patasi ya Mama Vina imeshakula nusu ya herufi ya kwanza. Ameketi kwenye kigoda nje ya karakana yake, mkabala na lango la makaburi, vumbi jeupe limemjaa hadi kwenye kope. Anagonga mara tatu, anapuliza, kisha anahesabu mizani kwa vidole.

"Shairi la kaburini halina nafasi ya porojo," anasema. "Jiwe ni dogo, na msomaji amesimama juani."

Kwa miaka kumi na tisa mama huyu amechonga majina ya marehemu, na kwa anayetaka, ubeti mfupi anaoutunga mwenyewe. Wiki ikiwa nzuri hupata mawe mawili.

Ungedhani mtu wa kazi hii amezoeana na kifo. Wapi! Miaka mitatu iliyopita alianguka akiwa kazini, akapasuliwa moyo.

"Kufa kwenyewe hakukunitisha sana," anasema. "Niliogopa kusahaulika. Nimewatungia watu zaidi ya mia sita. Mimi atanitungia nani?"

Alipotoka hospitali akaanza kujitungia. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwisho akampelekea mumewe, fundi cherehani, ubeti ulioanza hivi: "Nguzo leo imelala, dunia yote yalia."

Mumewe akausoma mara mbili, akavua miwani.

"Mke wangu, huyu nguzo ni nani? Mbona simjui?"

"Si ni mimi!"

"Wewe? Mimi nimeoa mtu anayeunguza chungu akitafuta kina."

"Nilinuna siku mbili," Mama Vina anakumbuka, akicheka hadi anaweka nyundo chini. "Ya tatu nikajiambia, kumbe mwenzangu ananijua hivi, na mimi nahangaika na nguzo!"

Akauchana ule ubeti. Alioandika badala yake umebandikwa ukutani jikoni kwao:

*Jikoni aliunguza, akisaka neno moja,*
*Wana wakamchokoza, chakula wakikingoja,*
*Majina hakupoteza, ya wakuu na ya waja.*

Na hofu je? "Haijahama," anakiri. "Ila siku hizi inabisha hodi. Zamani ilikuwa inaingia tu."

Upande wa nyuma wa makaburi kuna mawe arobaini na moja yenye namba tupu. Tangu mwaka jana, kila Ijumaa mchana, Mama Vina na mtunza makaburi wanafungua madaftari ya zamani yaliyoliwa na mchwa, wakitafuta majina. Wamepata tisa. Hayo ameyachonga bure.

Mwezi uliopita alikuja bibi mmoja aliyesikia kwamba kaka yake, fundi baiskeli, amepatikana. Akapapasa herufi kwa kidole, moja baada ya nyingine.

"Kumbe uko hapa, kaka," akasema.

"Nikamuuliza kaka alikuwaje, nimtungie," anasimulia Mama Vina. "Bibi akakaa chini akaanza kunihadithia. Tulitolewa na mtunza makaburi akitaka kufunga lango!"

Anataka kuyamaliza yote thelathini na mawili yaliyobaki. Na akiondoka kabla?

"Orodha iko mezani," anajibu, akiokota nyundo. "Na binti yangu mkubwa ameanza kushika patasi. Ameniharibia mawe manne, lakini mizani yake, mashallah, imenyooka."