Bug yangu ilishikwa Keringet na mathe aliyesoma daftari kwa vidole viwili

Wakuu, habari za huko mliko. Naandika kutoka Kiamunyi, Nakuru.

Haya yalinitokea mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, maana aibu iliyomo inatosha.

Mimi ni programmer wa kujifundisha. Mwaka jana kikundi cha wafugaji kule Keringet kiliniomba programu ya kuonyesha ng'ombe wenye undugu, ili mtu asipeleke mtamba wake kwa fahali ambaye ni baba yake. Ndama wa namna hiyo mara nyingi hutoka dhaifu, na mwenye ng'ombe mmoja hana nafasi ya kubahatisha.

Katibu wao ni mama mtu mzima tunayemwita Mathe Cherono. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika kila mnyama kwenye daftari kubwa: jina, mama, baba.

Nilitumia Python. Nikaunda class inayoitwa Kundi, na nikataka object yake (daftari la ng'ombe ndani ya kompyuta) ijifanye list, yaani orodha, ya kawaida. Ukiiuliza len, ikupe idadi. Ukiandika kundi["Sukari"], ikupe Sukari, kwa sababu hakuna mfugaji anayemwita mnyama wake "namba kumi na nne". Na ukiweka for, amri ya kurudia, ipite mnyama mmoja mmoja hadi mwisho.

Vyote vilifanya kazi. Nilijaribu kimoja kimoja nyumbani, nikajipongeza.

Kazi yenyewe ilikuwa for mbili, moja ndani ya nyingine. Ya nje inamshika mnyama mmoja, ya ndani inamlinganisha na kila mwenzake. Wenye undugu wanachapishwa. Niliwaambia wafugaji hivi: jozi ambayo haimo kwenye karatasi iko salama.

Kumbukeni hiyo kauli, ndiyo iliyokaribia kuniharibia.

Asubuhi niliyopeleka programu, Mzee Koros alikuwa amefika kwa mathe na mtamba wake, Sukari. Ndiye mnyama pekee aliyebaki kwake. Sukari alikuwa ameingia joto tangu alfajiri, na fahali wa jirani, Kamanda, alikuwa tayari amefungwa kando ya ua.

Nikachapisha karatasi. Sukari na Kamanda hawakuwemo.

"Mzee, uko sawa," nikasema, kifua mbele.

Mathe akavaa miwani, akaisoma karatasi yote kimya. Halafu akaniangalia.

"Kijana, mbona ni Baraka peke yake ako na ndugu? Hawa wengine wote ni mayatima?"

Mzee Koros akacheka. Mimi sikucheka. Baraka alikuwa mnyama wa kwanza kwenye orodha, na kweli, kila jozi kwenye ile karatasi ilianza na jina lake.

Mathe hakungoja maelezo. Alifungua daftari, akaweka kidole cha mkono wa kushoto kwenye mstari wa Sukari, kikabaki pale. Kidole cha mkono wa kulia kikashuka polepole, jina kwa jina, hadi kikafika kwa Kamanda.

"Koros! Shika huyo mtamba!" akaita. "Kamanda ni baba yake!"

Mzee alivuta kamba kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni na laptop magotini. Fahali wengine wawili walikuwa karibu, Simba na Jenerali, lakini undugu wao ulipitia kwa mababu, na kuufuata kwenye daftari kungechukua muda. Joto la mtamba halingojei. Likipita, mzee angesubiri kama wiki tatu nyingine.

Mathe akainama juu ya bega langu. "Hii mashine yako inasoma aje?"

Nikamwambia: inaanza juu, inashuka, na inakumbuka imefika wapi.

"Na akili ya kukumbuka ni ngapi?"

"Moja."

"Sasa kidole moja itashika mahali mbili aje?"

Wakuu, nilifungua code hapo hapo. Mathe alikuwa ameisema bug yangu, yaani kosa la programu, bila kuona code hata mstari mmoja.

Kwa wasioandika code: object yangu ilikuwa inajisoma yenyewe, ikiwa na kidole kimoja tu. For ya nje ilishika Baraka. For ya ndani ikachukua kidole kilekile, ikakirudisha juu, ikakishusha hadi mwisho. Ya nje iliporudi kuendelea, ikakuta kidole kiko chini kabisa, ikadhani kazi imekwisha. Hakuna error, hakuna onyo. Karatasi safi ya uongo.

Kwa wanaoandika: __iter__ yangu ilikuwa inarudisha self. Nikaiondoa pamoja na __next__, nikaandika __iter__ yenye yield, ili kila for ipewe iterator yake mpya. Mistari mitatu.

Karatasi ya pili ilijaa. Sukari na Kamanda: baba na binti. Sukari na Simba: nyanya mmoja. Sukari na Jenerali: hawamo.

Safari hii nilifunga mdomo, mathe akahakikisha kwa daftari, sasa kwa Jenerali peke yake. Akatikisa kichwa kukubali, na Mzee Koros akaelekea kwa Jenerali.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu. Sukari amezaa jike, na ndama alisimama mwenyewe kabla mzee hajamaliza kumpangusa.

Nilichojifunza ni hiki. Kitu kinachosomwa na anayekisoma ni wawili tofauti, usiwaweke kwenye object moja. Na ukitengeneza kitu kijifanye list, kijaribu kwa wasomaji wawili kwa wakati mmoja.

Lakini deni langu kubwa ni la shukrani. Mathe Cherono angeweza kunifukuza na laptop yangu, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliniuliza swali na akangoja nijibu. Simjui senior developer aliyewahi kunifanyia review ya upole kama ile.

Sasa ninyi wakuu: ni nani asiyejua code aliyewahi kuwashikia bug? Waandikeni hapa chini, na mseme walichouliza. Hawa watu hatuwaweki kwenye credits popote.