Shingo ya Iliasi, Mushoni wa Kofia

Jirani yangu Iliasi alishona kofia kwa mukono, zile za matobo matobo, na matobo yake yalikuwa madogo mupaka mbu akitaka kupita anakunja kwanza mabawa. Hiyo niliona kwa macho yangu. Kila asubuhi aliikaa kwenye barza ya nyumba yake hapa Kasongo, kwenye kiti kifupi, kofia juu ya goti, kichwa chini. Miaka makumi tatu, kichwa chini. Ukimusalimia, anaitikia viatu vyako. Siku moja ndevu ziliingia chini ya sindano, akazishona pamoja na kofia ya mutu, na mwenye kofia alikuwa na haraka ya sala ya Ijumaa. Walienda wote wawili, moja na kofia kichwani, mwingine anamufuata kwa ndevu. Kama hamuamini, ulizeni wale walikuwa mustari wa nyuma.

Lakini hii ya mukono siyo ya kucheka.

Kwa ukoo wa Iliasi, binti hatoki nyumbani kwenda kwa bwana mupaka baba yake ashone kofia ya bwana-arusi, tobo la kwanza mupaka la mwisho, kwa mukono wake mwenyewe. Safia, kitinda-mimba wake, alikuwa ameposwa na Ramazani wa kule Wamaza, na harusi ilibakia miezi tatu. Iliasi akaanza kofia. Ndipo sindano zikaanza kumuanguka. Kwanza kidole gumba kilijaa sisimizi wa ganzi, kisha na kile cha pili. Hakuambia mutu.

Siku moja alikuwa anapiga kanzu pasi ya makala. Bibi yake, Faida, akaita kutoka jikoni: "Baba Safia, nyama gani unachoma huko?"

Iliasi akaangalia. Ilikuwa kidole chake.

Faida alikuja kwangu analia, na mimi, mwenye watu wanaita Koko kwa sababu ya uzee, ulimi wangu haujuagi kulala. Ng'ambo ya njia kulikuwa Zuberi, mushoni mwingine wa kofia, rafiki ya Iliasi tangu utoto. Hata uzi waliazimana. Nikamuambia Faida: "Juzi nilimuona Zuberi anamusalimia bwana yako. Aliminya ule mukono sawa mutu anachagua avoka sokoni. Sasa yeye iko na mikono tatu. Enda uihesabu."

Nilitaka acheke tu. Hakucheka. Mbele ya saa sita, kule kwenye kuchota maji, mikono tatu ya Zuberi ilikuwa kweli kabisa. Kuna mama aliapa ameiona yote inakula fufu.

Basi wakatibu mukono, sawa mukono wa kulogwa. Wakauchanja chale, wakaufunga majani ya moto, wakaupaka mafuta ya chatu. Na vile vidole havisikii tena sindano, Iliasi alitaka macho yasikie pahali pa vidole. Akainama zaidi. Pua ilifika kwenye kofia. Kila chale mupya, shingo inashuka, na sisimizi wanapanda mupaka kwenye kiwiko. Zuberi akinyoosha mukono kumusalimia, Iliasi anaficha wake chini ya kanzu.

Miezi miwili ilipita vile. Ndipo akaja Nadine, mwenye anafanyaka kazi ya kutibu kwenye sante, kuchukua blauzi yake yenye Faida alimupigia pasi. Akaona zile chale. Hakugusa mukono. Alisimama nyuma ya Iliasi, akashika kichwa chake, akakilaza pole pole upande wa kuume. Iliasi akaruka sawa mutu amekanyaga siafu.

"Hiyo maumivu imefika wapi, papa?"

"Kwenye gumba."

"Mukono wako hauna kosa. Taa ikizimika, watu wanapiga taa makofi, na waya imebanwa huku juu. Shingo ndiyo inagonjwa. Inua kazi ije kwenye macho, macho isiende kwenye kazi. Ukimaliza muzunguko moja, simama, tembea."

"Nguvu itarudi?"

"Ingine itarudi. Ingine sijui. Mungeniita mapema."

Aliposema mapema, Faida aliniangalia. Nikaangalia kuku.

Iliasi akaweka meza juu ya matofali, muto juu ya meza, akaanza kushona kichwa juu. Sisimizi walishuka kwenye kiwiko. Kidole cha pili kiliamuka. Gumba halikuamuka. Harusi ilibakia siku tisa, na kofia ilikuwa nzima mbele tu. Nyuma ilikuwa kitambaa kitupu.

Nikavuka njia, nikaenda kwa Zuberi. "Baba, ile maneno ya mikono tatu, ni mimi niliitunga."

"Nilijua, Koko," alisema. "Kasongo nzima, ni weye tu unahesabuka vile. Kwenye mazishi ya dada yangu watu waliniitikia kwa kichwa. Hakuna mwenye alinipa mukono."

Nikamuambia kofia ya harusi ya Safia imebakia nusu. Akavaa viatu, akanifuata.

Iliasi alipomuona, mukono ulitaka kwenda chini ya kanzu. Ukasimama nusu njia.

"Lete kofia," Zuberi alisema.

"Ukishona weye, haitakuwa kofia ya baba."

"Mukono huu nani aliufunza? Marehemu baba yako, kwenye barza hii hii, na fimbo. Kama siyo mukono wa nyumba hii, hata wako siyo."

Iliasi aligeuza kofia, akaangalia ule upande mutupu. Kisha akasukuma kofia juu ya meza. Zuberi hakuikaa mezani. Alichukua kile kiti kifupi, kofia kwenye goti, kichwa chini, na matobo yakaanza kutoka moja moja, madogo, ya kweli.

Kwenye mustari wa pili alisimamisha sindano. Akakunguta vidole, sawa mutu anatupa maji. Akaendelea. Kisha akakunguta tena.

Faida aliona. Mimi niliona. Iliasi alikuwa ameshainuka na muto mukononi.

"Unaangalia nini?" Zuberi akauliza, bila kuinua kichwa.

"Shingo yako."

"Acha shingo yangu. Lete uzi."