Mkono Begani pa Mama Godelive

Mume wangu Zorobabel alikuwa mwandishi wa habari wa filamu na televisheni hapa Butembo, na kazi hiyo ilimharibia macho: hakuweza tena kutazama kitu bila kuuliza kimekatwa wapi. Mimi Kavugho, mkewe, sikuhitaji filamu. Nilizaliwa nikimshuku kila mtu, na vita vilinionyesha kwamba sikukosea sana.

Alianzia Beni, kwenye ukumbi wa video wenye kuta za mbao, akisimama kando ya televisheni kuwafasiria watu filamu za Kichina ambazo yeye mwenyewe hakuelewa hata neno moja. Watu walilia alipotaka walie. Kituo kidogo cha televisheni kilipofunguliwa Butembo, juu ya duka la misumari na mabati, wakampa kipindi cha Jumamosi. Aliweka filamu, akaisimamisha katikati, akasema: "Muangalie sigara yake. Ilikuwa fupi, sasa iko murefu. Hapa balikata." Mji mzima ulimpenda kwa maneno hayo. Wafanyabiashara walimsimamisha barabarani wabishane naye juu ya sigara.

Vita vya pili vilipokuja, msomaji wa habari alikimbilia Kampala, na Zorobabel akarithi kiti chake. Akawa anasoma habari, anafanya kipindi cha filamu, anapiga picha za harusi na za matanga. Msaidizi wake alikuwa fundi mmoja tu, Aruna, Mwislamu wa Beni, mtoto wa familia ya wenye malori. Aruna alijua taa, nyaya na jenereta. Mgongo wa mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu pana, jekundu, lililokunjamana. Alisema bomba la moshi la jenereta lilimchoma. Nilijiuliza ni jenereta ya aina gani inayomchoma mtu hivyo, na kwa nini ndugu zake walipita kila kizuizi cha barabara bila kusumbuliwa. Alipokuja kula kwetu, nilihesabu vijiko.

"Mama Rébecca, unaniangalia sana," aliniambia siku moja akicheka, akiniita kwa jina la binti yetu.

"Niko naangalia sahani," nikamjibu.

Sasa mgeni lazima aelewe jambo moja. Kwetu, kamera ya matanga haina haraka. Inapita uso kwa uso, mstari kwa mstari, kwa sababu kilio kikiisha ukoo hukaa pamoja kuitazama kaseti. Hawatafuti uzuri wa picha. Wanatafuta nani hakuja. Asiyeonekana, hasa akiwa mtoto wa marehemu, atajieleza mpaka azeeke: uliogopa nini mbele ya jeneza la baba yako?

Mzee Muyisa, mfanyabiashara wa maharagwe, aliuawa kwenye barabara ya Beni, karibu na Kalunguta. Waliomuua hatukuwajua, na waliowajua walinyamaza. Mwanawe wa pekee, Mathe, alikuwa amekwenda kwa wapiganaji wa Mai-Mai katika misitu ya upande wa Vuhovi, na waasi waliotutawala wakati huo walikuwa wakimsaka. Hata hivyo alikuja kumzika baba yake. Alikuja amevaa koti la kanisani, akasimama nyuma ya mama yake, Mama Godelive, akamwekea mkono begani. Kamera ya Zorobabel ilipomfikia hakugeuza uso. Angegeuzaje? Baba zake wadogo wote walikuwa pale. Jeneza lilipofunikwa udongo, Mathe hakuwapo tena.

Kesho yake asubuhi katibu wa habari wa wale waasi aligonga mlango wetu akiwa na mfuko wa sukari. Alisema chama kinataka kuonyesha mazishi hayo kwenye televisheni, ili watu waone jinsi kinavyoomboleza pamoja na raia. Akaongeza kwamba angependa kuitazama kaseti kwanza. Alitabasamu muda wote. Sukari ile sikuitia kwenye chai hata kijiko. Nilimpa jirani, ambaye naye sikumwamini.

"Hatafuti matanga," Zorobabel alisema mlango ulipofungwa. "Anatafuta sura."

Wala hakuhitaji kuniambia sura ya nani. Alikwenda kituoni, akaunganisha mashine mbili, akahamisha picha kutoka kaseti moja kwenda nyingine, na kila Mathe alipokaribia akakata. Mtu aliyewafundisha watu wa Butembo kuona mahali filamu ilipokatwa sasa alikata ili hata wao wasione mkato. Nadhani alijivunia kidogo, Mungu amsamehe.

Saa sita mchana niliwapelekea fufu na sombe kituoni, nikamkuta katibu amekwisha kukaa mbele ya televisheni. Zorobabel alisimama pembeni. Aruna alichuchumaa karibu na mashine, anakunja waya. Sura zilipita: wanawake wa parokia, wachuuzi wa soko, baba wadogo wa Mathe wakiwa na kofia mikononi. Kisha akaja Mama Godelive, karibu kabisa, uso wake umejaa skrini. Na begani pake palikuwa na mkono wa mwanaume.

Zorobabel alikuwa ameondoa uso, ameondoa koti, akausahau mkono. Niliweka sufuria chini.

"Simamisha," katibu akasema. Picha ikaganda. "Hii mukono ni ya nani?"

Mume wangu, mwenye maneno ya kujaza Jumamosi nzima, alianza kupangusa lensi ya kamera. Nilimtazama Aruna na moyoni nikasema: sasa ndipo atatuuza.

"Ni yangu, chef," Aruna akasema, bila kuinua kichwa. "Mama alikuwa anataka kuanguka. Nikamushika."

"Wewe, Mwislamu, ndani ya matanga ya Bakatoliki?"

"Mais chef, taa ya kamera inashikwa na nani? Na padiri?"

Katibu alicheka. Mkono wa kulia wa Aruna ulikuwa umefunikwa na mizunguko ya waya, na aliendelea kuizungusha taratibu. Nikaona anauficha, lakini sikuelewa kwa nini.

Katibu alisimama, akapangusa suruali. "Sawa. Mutaionyesha leo. Na wewe, Zorobabel, utasema: hawa njo bote balifika. Kusikuwe mutu wa kuuliza mwingine."

Nilihisi bado ana shaka, na kwamba aliweka mtego mwingine juu ya ule wa kwanza: atakayebisha atakuwa amemtaja Mathe. Lakini kukataa kungekuwa jibu. Jioni ile Butembo nzima ilimsikia mume wangu, kwa sauti ile waliyoiamini kuhusu sigara, akisema kwamba hao ndio wote waliofika kumzika Mzee Muyisa.

Ikawa hivyo. Mathe hakukamatwa. Ila waliomwona makaburini walianza kuogopa kusema walimwona, na ambao hawakumwona waliongea sokoni bila kuogopa chochote. Mtoto hakumzika baba yake. Kwa nini? Yuko msituni, na baba ameuawa barabarani. Watu walijumlisha: basi ni yeye aliyemuua. Hata baba yake mdogo, Mzee Siméon, ambaye alisimama mstari wa mbele akiwa amepofushwa na machozi, aliuliza: "Kama alikuwa, iko wapi ndani ya kaseti?"

Mama Godelive alikuja kwetu, hakusalimu. "Mutoto yangu ulimutupa wapi?"

Zorobabel akafunga madirisha, akatoa kaseti nzima, isiyokatwa. Mama yule alimtazama mwanawe kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kisha akaitoa kaseti mwenyewe, akavuta utepe wake mweusi wote, akaurundika kwenye mbabula yangu ya kupikia. Moshi ulinuka vibaya.

"Mama, ile njo ushahidi wake!" nikapiga kelele.

"Baseme," akasema. "Mwenye banamusema bado iko muzima."

Nilimchukia siku ile kwa kuwa na nguvu kunishinda.

Vita vilipoisha, Mathe alirudi, amekonda, anakohoa. Ukoo ulimkataza kufika kaburini na kulima shamba la baba yake la Vuhovi. Mzee Siméon aliitisha kikao, na Mama Godelive akatualika. Zorobabel alisimama akaeleza kila kitu. Wakamsikiliza, kisha Mzee Siméon akasema bila hasira: "Ulituambia bote ni hawa. Leo unasema hapana. Tuamini Zorobabel gani?" Mume wangu akaketi. Sijawahi kumwona mdogo hivyo.

Aruna alikuwa amesafiri kutoka Beni asubuhi ile. Sikujua nani alimwita, na nilimtazama kwa jicho baya alipoingia na viatu vilivyojaa matope. Akaomba kaseti ya televisheni, ile iliyokatwa, ambayo ukoo uliitunza. Akaiweka, akaisogeza mpaka kwa Mama Godelive, akaisimamisha. Mkono ukaonekana begani.

"Katibu aliuliza hii mukono ni ya nani, nikasema ni yangu, asitafute Mathe," Aruna alisema. "Muangalie."

Akaweka mkono wake wa kulia kwenye kioo cha televisheni, kando ya ule mwingine. Kovu lake lilijaa mgongo mzima wa mkono. Mkono wa pichani ulikuwa laini, wa kijana, na hauna alama hata moja.

Mzee Siméon alisogeza kiti chake karibu na televisheni. Alitazama mkono mmoja, akatazama wa pili, akarudia. Kisha akageuka kumtafuta Mathe, aliyekuwa amesimama nje ya mlango kwa sababu hakuna aliyempa kiti.

"Lete mukono yako hapa," akamwambia.

Mathe hakwenda kwenye televisheni. Alipita katikati yetu, akasimama nyuma ya mama yake, akamwekea mkono begani palepale. Mzee Siméon alilia kwa sauti. "Muyisa alizikwa na mutoto yake," akasema, "na sisi tulimufukuza."