Halua ya Kuagia

Harufu ya maziwa hukaa kwenye kifuniko. Wengi hudhani unainusa keni yenyewe, lakini maziwa yakishapigwa na upepo hayasemi kweli. Unafungua, unageuza kifuniko, unakileta puani mara moja, basi. Yaliyoanza kuchacha utayajua. Ya ng'ombe aliyekula magugu machungu utayajua. Baada ya hapo ndipo unachanganya kidogo na spiriti kwenye kichupa, uone kama yanagandamana. Kazi hiyo niliifanya miaka kumi na saba kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, kando ya barabara ya Muheza, nikipokea keni za wafugaji hadi wale wa chini ya milima ya Amani.

Katikati ya miaka hiyo kampuni ilipata wamiliki wapya, nasi tukaletewa mikataba mipya. Ililetwa asubuhi, saa ya mapokezi, foleni ya pikipiki zenye keni imefika barabarani, na maziwa hayana subira. Kurasa tisa za Kiingereza cha wanasheria; tukasaini juu ya vifuniko vya keni, kalamu moja ikizunguka mikononi mwa watu kumi na mmoja. Sikusoma hata ukurasa mmoja. Nakueleza si kwa kujitetea. Kama na wewe una mkataba wako kabatini, utoe leo, usome polepole, na pale usipoelewa muulize mtu. Si aibu.

Kisha kampuni nyingine ikajenga kiwanda upande wa pili wa mji, ikaniita. Walitaka niwafundishe vijana wao kupokea maziwa, nikiwa nimekaa kwenye kiti. Magoti yangu yalikuwa yamechoka na sakafu ya saruji iliyolowa kila siku. Nikakubali, nikaandika barua ya kuacha kazi.

Kwetu Tanga barua haitoshi. Mtu aliyekaa mahali miaka yote hiyo huaga kwa mdomo, anataka radhi, ndipo anaondoka na moyo mweupe. Mke wangu akanunua halua, akaipanga kwenye sahani, nikavaa kanzu ya Ijumaa, nikaenda ofisini kwa meneja, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nimekuja kuaga, mwanangu, na unisamehe nilipokosea."

"Hujanikosea hata siku moja. Unakwenda kupumzika?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini humdanganyi mtu unayemtaka radhi.

"Naenda kwa wenzenu wa upande wa pili."

Kipande cha halua kilisimama karibu na mdomo wake. Kisha akakila, akanisindikiza hadi getini, akaniombea heri. Siku ya nne barua ya kampuni ikafika. Nakala moja kwangu, nyingine kwa waajiri wangu wapya.

Barua ilinionyesha kipengele cha kumi na nne cha mkataba ule. Kwa miezi ishirini na minne baada ya kuacha kazi, nisifanye shughuli yoyote ya maziwa ndani ya mkoa wa Tanga, moja kwa moja au kwa njia nyingine, kwa sababu nabeba siri za kampuni. Nilijiuliza siri gani. Wafugaji wananijua kwa sura, na pua nilikuja nayo.

Mke wangu aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Umejishtaki mwenyewe," akasema, "na halua juu!"

"Ulinunua wewe."

"Nilinunua ya kuaga. Sikununua ya kutoa ushahidi."

Wakili mmoja pale Usagara, Tanga mjini, alinieleza vizuri, nami nakueleza kama nilivyomwelewa. Kipengele kama hicho, kwa mtu wa kazi kama yangu, kikifika kwa hakimu kina kazi kubwa kusimama. "Lakini mzee wangu," akasema, "hawataki kufika kwa hakimu. Wanataka yule aliyekuita aogope." Na aliogopa. Kampuni mpya ilinipigia simu kwa upole mwingi: nisubiri miezi iishe, nafasi itakuwepo.

Nikasubiri. Nilipata kazi ya kuuza misumari na mabati kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Misumari haina harufu. Jioni moja jirani alinijia na ndoo. "Baba, ninusie haya, nataka kugandisha mtindi." Nikasita mlangoni kama mwizi. Nikakinusa kifuniko, nikamwambia yako salama, kisha nikaangalia barabarani kama kuna mtu ameniona. Siku hiyo ndipo nilipojua nimechoka kweli.

Miezi ishirini na minne ikaisha. Nilikwenda kiwandani asubuhi, na aliyenipokea ofisini alikuwa mwanamke niliyemfundisha mwenyewe pale kituoni kwetu. Sasa ndiye mkuu wa mapokezi.

"Shikamoo, mwalimu!" Akainuka, akanivutia kiti.

"Marahaba. Wewe tangu lini uko hapa?"

"Mwaka na nusu."

"Na ule mkataba? Tulisaini siku moja. Kalamu nilikupa mimi."

Akatazama chini, akacheka kidogo. "Jumatatu moja sikwenda, mwalimu. Jumanne nikaanza hapa. Wakaja kujua baadaye, wakanyamaza."

"Hukuaga?"

"Sikuaga."

Nafasi ya kufundisha ilikuwa yake, na aliifanya vizuri. Niliona dirishani jinsi vijana wake wanavyogeuza vifuniko. Kwangu ilibaki nafasi ya mpokeaji, ya kusimama, kwenye kituo chao kipya. Akaniwekea mkataba mezani. Safari hii hakukuwa na foleni, nikausoma wote, yeye akinisaidia Kiingereza. Kipengele cha kumi na mbili: miezi ishirini na minne, mkoa wa Tanga.

"Kifute hiki," nikamwambia.

"Sina uwezo huo, mwalimu. Ningekuwa nao ningefuta na cha kwangu." Akasogeza kalamu karibu, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Siku ukitaka kuondoka, ondoka tu. Usije na sahani."

Nilisaini. Nilitaka maziwa, na magoti yangu yatavumilia kidogo tena.

Nyumbani mke wangu aliniuliza kama kipengele kile kimo. Nikamwambia kimo.

"Na huko ukiondoka, utaaga?"

Nilikuwa nimeinama navua viatu. Nilifikiria yule kijana na kipande chake cha halua hewani, nikafikiria kuondoka Jumatatu moja bila neno, wafugaji wakiuliza mzee yuko wapi. Nikajaribu kusema hapana, na haikutoka.

"Basi," akasema, akichukua viatu vyangu, "safari hiyo halua utanunua mwenyewe."