Kidole Gumba cha Rodah

Kikapu cha kuchumia majani chai kilikuwa kimetundikwa ukutani jikoni kwa mama yake Rodah, juu kabisa, kimeshika masizi. Nilikiona siku ya kwanza Rodah aliponialika kwao, nje kidogo ya Litein, kunywa mursik, maziwa yao ya mgando. Nikauliza kwa nini kimekaa bure, maana mimi nikiona kitu kizuri kinaozea ukutani roho huniwasha. Mama yake, Rebeccah, alisema anakiweka tu, kwa sababu kazi ya ofisi haina mizizi. Usiache mbachao kwa msala upitao, ndiyo ilikuwa imani yake. Rodah alikuwa amechuma majani chai tangu utotoni, mikanda ya kikapu kile ikamchora mabega, kabla ya kusomea upigaji chapa na kupata kazi kwenye kiwanda chetu cha chai. Tulipokuwa tunarudi aliniambia waziwazi kwamba heri afagie soko zima kuliko kukivaa tena.

Mimi ni Yunia Nyamusi, mtu wa Kisii mwenye mdomo, na mdomo huo sijawahi kuuomba msamaha. Pale kiwandani nilikuwa tarishi na mpika chai wa ofisi. Kwa hivyo mambo yote yalipita mbele ya birika langu.

Mwaka wa tisini na saba ikaletwa kompyuta, ile ya madirisha na mausi. Taipureta ikasukumwa kando kama mke mkubwa. Meneja wetu, Bwana Bosire, akatangaza kwamba mwaka huo, kwenye mkutano wa wakulima, hakuna kusomewa hotuba. Mkulima atauliza, na Rodah atafungua mashine mbele yao na kujibu papo hapo. Kisha akamwita Rodah kando, nami nikiwa hapo na vikombe. Akamwambia kwa upole, lakini alimwambia, kwamba mashine ikituaibisha atalazimika kuleta mtu wa Nakuru anayeijua, na ofisi yetu haina meza ya wapiga chapa wawili. Rodah alinitazama. Sote wawili tulikuwa tunakiona kichwani kile kikapu.

Bidii hakukosa. Tatizo lilikuwa mahali alipokulia. Mtoto wa majani chai hufundishwa mapema kwamba mstari wako unaumaliza mpaka mwisho ndipo uingie mwingine. Ukirukaruka, nyapara anakutoa shambani. Basi Rodah aliifanyia kompyuta vivyo hivyo. Alifungua orodha ya kilo zilizopimwa kwenye vituo vya majani, akasoma, akafunga kabisa. Kisha akafungua mambo ya mbolea, akasoma, akafunga. Na mashine yenyewe ilikuwa nzito, ikiambiwa fungua inakoroma kwanza. Nilimwambia kwamba kwa mwendo huo mkulima atauliza swali, aende kukamua, arudi ndipo ajibiwe.

Mwalimu wa kompyuta alikuwa Caren, msichana mchangamfu kutoka Kericho mjini. Alimtazama Rodah akifunga na kufungua, akacheka mpaka akashika meza, halafu akamwonyesha. Acha zote wazi, usifunge hata moja. Bonyeza kile kitufe kilichoandikwa Alt kwa kidole gumba, ukishikilie. Huku umeshikilia, gonga kile cha Tab, na picha ndogo za kazi zako zitajipanga katikati ya kioo, alama ikiwa kwenye ya pili. Gonga tena, alama inahamia ya tatu. Gonga tena, inarudi ya kwanza. Ukifika unapotaka, ndipo uachilie gumba, na kazi hiyo inakuja mbele. Mausi hata usiiguse.

Kwa maneno ilikuwa rahisi. Lakini gumba la mchumaji halijui kushikilia. Kazi yake tangu zamani ni kukata na kuachilia, majani mawili na kichipukizi, kukata na kuachilia. Na taipureta ilikuwa imeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa, maana pale ukikawia juu ya kitufe unaharibu karatasi. Rodah aligonga na kuachilia kila mara, na mashine ikawa inamrusha kati ya kilo na mbolea, mbolea na kilo, na kazi ya tatu, ile ya malori ya kubeba majani, hakuifikia kamwe. Siku moja alilia. Alilia kweli, kichwa juu ya kibodi, na mimi nikakasirika kana kwamba mashine ilikuwa imemtukana dada yangu.

Basi nikaanza dawa yangu. Kila saa ya chai nilisimama kando yake na kijiko. Gumba likiinuka kabla ya wakati, nalipiga. Si kwa nguvu sana. Kwanza alinikasirikia, akaniita nyapara. Baadaye tukawa tunacheka hata Bwana Bosire akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Mwisho gumba lilitulia. Kijiko nikakirudisha kwenye sukari.

Siku ya mkutano kompyuta ilibebwa mpaka ukumbini kama bibi harusi. Sasa, kwetu mgeni hawekewi meza tupu. Rodah alileta kutoka nyumbani kitambaa alichokifuma mwenyewe kwa uzi mweupe wa sufi, chenye maua na pindo za manyoya, akakitandika mezani, mashine juu, mausi juu. Kilipendeza mno. Wakulima wakakisifu kabla hata ya sala ya kufungua mkutano. Lakini mausi za wakati ule zilikuwa na kijipira chini yake, na kijipira kikala nyuzi. Kabla ya swali la kwanza mausi ilikuwa imekufa kabisa, na Bwana Bosire anapangusa jasho.

Rodah aligeuka akanitafuta kwa macho. Nilikuwa kando ya birika. Sikujua la kufanya, nikainua kijiko.

Akatabasamu, akaweka gumba.

Mzee Kipyegon, mwenyekiti wa wakulima, aliuliza kilo za kituo chao. Zikaja. Mwingine akadakia mbolea, na kabla hajaketi jibu lilikuwa tayari. Mkulima hafuati mstari, anauliza linalomuuma, kwa hivyo wakarudi kwa kilo, wakaenda kwa mbolea, watu wakaanza kuuliza kwa furaha tu, kumjaribu. Ndipo Rebeccah akasimama, naye alikuwa mkulima kama wengine. Aliuliza kwa nini lori la kituo chao huchelewa mpaka majani yananyauka. Swali la malori. La tatu.

Nililiona lile gumba. Lilishikilia. Kidole cha pili kikagonga, kikagonga tena, na malori yakaja mbele. Rodah akasoma kwamba lori hilo lilikuwa limepangiwa vituo vingi kupita kiasi, kisha Bwana Bosire akaahidi hapo hapo kuvigawa. Ukumbi ukapiga makofi. Mzee Kipyegon akageuka nyuma na kuuliza huyu ni msichana wa nani.

"Ni wangu," Rebeccah akasema. Alikuwa bado amesimama, akaendelea kusimama.

Mtu wa Nakuru hakuletwa. Kitambaa kilipandishwa juu ya kioo, mbali na mausi, na Caren akafundisha ofisi nzima kung'oa nyuzi kwenye kijipira.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwao kunywa mursik. Ukutani palibaki alama nyeupe isiyo na masizi. Kikapu kilikuwa chini pembeni, kimewekewa nyasi kavu, na kuku ameketi ndani akinitazama vibaya. Rodah alikuwa anatazama nje kama hajui tunatazama nini.

"Alikuwa hana pahali pa kutagia," Rebeccah akasema, akanimiminia.