Koo la Mwalimu wa Nyimbo

Mwalimu wa nyimbo ni kipofu. Mwanafunzi akikosea sauti ya Kikopti, lugha ya kale ya kanisa lao la Misri, hamgombezi. Humwambia, "Hiyo imetoka puani, mwanangu, na Mungu hana mafua," kisha huushika mkono wake na kuuweka kooni pake, hadi sauti iliyo sawa itetemeshe vidole. Wanis alifundwa hivyo, na mama yake alisali kwa matamshi hayo ya kale maisha yake yote. Mwalimu alimwahidi mama huyo kwamba atazikwa nayo.

Siku ya mazishi ya mama, padri mgeni alimwambia Mwalimu, "Leo matamshi mapya ya Kairo. Ukiimba hayo ya kizee, matoazi hayo, na kazi yako, nampa mwingine." Mwalimu aliyabana matoazi kwa kidole gumba yasilie. Koo likapanda, likashuka. Kisha akaimba ya Kairo, bila kosa.

"Umemwacha mama mlangoni pa mbinguni, Mwalimu," Wanis alinong'ona akimwongoza kwenda kuaga.

"Nyamaza, mwanangu."

Kipofu aliinama, akalilaza koo lake juu ya jeneza, akaanza upya wimbo kwa matamshi ya kale, chini kwa chini. Padri aligeuza shingo kusikiliza, lakini hakusikia kitu. Wanis akaweka kiganja kwenye jeneza. Ubao ulikuwa ukitetemeka.